Shajara ya Mradi: Kuchagua Risasi za Bunduki ya Upepo kwa Shabaha ya Mita 10

Tarehe 2 Agosti

Leo nimeanza rasmi kazi niliyoiahirisha tangu masika, nayo ni kutafuta aina moja ya risasi itakayopatana na bunduki yangu ya upepo kuliko nyingine zote katika umbali wa mita 10. Wenzetu wanaotumia bunduki za baruti na kujijazia risasi wenyewe wana mambo mengi ya kuchagua: baruti inayoungua haraka au polepole, uzito wa risasi inayoendana nayo, na namna joto la mchana linavyobadilisha shinikizo ndani ya mtutu. Sisi wa upepo shinikizo letu limekwisha kupangwa na regyuleta, inayofanya kazi kama ile ya mtungi wa gesi ya kupikia, na kinachobaki mikononi mwetu ni risasi yenyewe. Uchaguzi ni mmoja tu, lakini ukikosewa hakuna mahali pengine pa kuusahihisha.

Niseme mapema kwamba lugha yetu imeweka mtego hapa, kwa kuwa neno risasi ni jina la kitu kinachotoka mtutuni na pia ni jina la madini yenyewe, laini na mazito, yanayotengenezewa kitu hicho. Katika shajara hii nikisema risasi nina maana ya kile kipande kidogo chenye kichwa bapa, kiuno chembamba na sketi iliyo wazi nyuma. Nikitaka kutaja madini nitasema madini.

Nina makopo matatu, kila moja na risasi 500 za kipenyo cha milimita 4.5, ambacho ndicho kinachotumika katika mashindano ya mita 10. Sikutaka majina ya watengenezaji yaniathiri, kwa hiyo nimeyafunika kwa utepe wa rangi. Jekundu limeandikwa kichwa cha milimita 4.50, la njano 4.49, na la buluu 4.48. Uzito ulioandikwa kwenye yote matatu ni gramu 0.53. Bunduki imo kwenye leseni yangu, na mwenye ghala la zamani la pamba huku Igoma, Mwanza, ameridhia kwa maandishi niwe nikilitumia asubuhi, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Ghala lina urefu wa kutosha na halina dirisha upande wa shabaha. Harufu ya mbegu za pamba bado haijatoka kwenye kuta, ingawa marobota ya mwisho yalihamishwa miaka mingi iliyopita.

Tarehe 3 Agosti

Siku nzima imepotelea kwenye karatasi. Nilichapisha shabaha kwenye manila katika duka la steshenari karibu na soko la Igoma, na jioni nilipopima duara la nje kwa kalipa nikakuta milimita 44, wakati kipimo cha mashindano ni 45.5. Mashine ilikuwa imeipunguza picha ili ienee kwenye karatasi, na kijana wa duka hakuwa na habari, kwa sababu kwa macho shabaha zilikuwa nzuri kabisa. Nikarudi, tukachapisha upya kwa ukubwa wake halisi.

Vipimo vyenyewe vinafaa kuandikwa, maana vitaamua mengi mbele. Kila duara limemzidi mwenzake kwa milimita 2.5 kila upande, na katikati kabisa, penye alama 10, ni kinukta cha nusu milimita. Mtu akikiona kinukta hicho hudhani ni muujiza kukipiga, lakini risasi ina upana wa milimita 4.5 na inatosha ukingo wake ukiguse. Maana yake ni kwamba kitovu cha tundu kinaweza kukosea kwa milimita 2.5 na bado ukahesabiwa 10. Wanaohesabu kwa desimali hadi 10.9, kama inavyofanyika kwenye mashindano makubwa, hawana nafasi hiyo ya kupumulia, na hao ndio hasa wanaosumbuliwa na suala la risasi.

Tarehe 6 Agosti

Majaribio ya kwanza. Bunduki imelazwa juu ya mifuko miwili ya mchanga wa ziwani niliouchekecha na kuukausha, ili mikono yangu isiingizwe kwenye hesabu. Nyuma ya shabaha kuna sanduku la mbao nene lililojazwa matambara na mchanga. Binamu yangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa, amekuja kunisaidia kubadilisha kadi kwa kuwa mbalamwezi imeanza na wavuvi wa taa hawatoki. Kanuni tuliyowekeana ni moja: haendi kwenye shabaha mpaka aone kwa macho yake kwamba bunduki imefunguliwa na mtutu ni mtupu.

Nimepiga risasi tano tano, nikianza na kopo jekundu, kisha la njano, kisha la buluu. Kutoka ukingo hadi ukingo, kundi la jekundu lilikuwa milimita 7.1, la njano 6.3, na la buluu 5.6. Tundu moja peke yake ni 4.5, kwa hiyo risasi tano za buluu zilikuwa zimepita karibu mlango mmoja. Nilifurahi kiasi cha kumwambia binamu kwamba kazi imekwisha siku ya kwanza. Naiacha sentensi hiyo hapa kama nilivyoitamka.

Tarehe 7 na 8 Agosti

Nimerudia kwa utaratibu ule ule. Mara zote mbili jekundu limekuwa la mwisho. Buluu na njano wamebadilishana nafasi.

Tarehe 10 Agosti

Kabla ya kuagiza makopo ya buluu nilitaka kujua kwa nini linashinda, kwa sababu jambo lilikuwa limepinda. Risasi ya buluu huingia kwenye mtutu bila kizuizi chochote: unaiweka kwa ncha ya kidole na inazama yenyewe kama sarafu kwenye kibubu. Ile ya jekundu inahitaji kusukumwa, na mtu anahisi kabisa pale kichwa kinapokutana na mifereji ya mtutu. Kwa akili ya kawaida ile inayoshikwa na mifereji tangu mwanzo ndiyo ingekwenda sawa kila mara.

Nikazipeleka kwa fundi wa karakana ya kuchonga vyuma mwenye maikromita nzuri, nikitarajia kuthibitisha tofauti ya sehemu ya mia ya milimita. Mzee huyo alikaza kidogo, akasoma, akalegeza, akakaza tena risasi ile ile na kupata kipimo kingine. Kisha akanirudishia kiganjani. "Kijana wangu, haya madini ni laini kama ugali wa jana. Hapa unapima kidole changu, hupimi risasi." Nilitazama kwa kioo cha kukuzia nikaona kweli taya za maikromita zimeacha vibapa viwili kichwani. Kuanzia leo naamini kilichoandikwa kwenye kopo pamoja na kile ninachokihisi wakati wa kupakia, na kwa jambo hili sitapima tena kwa chuma.

Tarehe 13 Agosti

Leo ilikuwa zamu ya uzito. Mwanza hakuna shida ya mizani midogo, kwa kuwa dhahabu ya Kanda ya Ziwa imewafanya masonara wawe nayo kila kona, na sonara mmoja amenikodisha yake inayosoma hadi gramu 0.001. Nilikaa nayo sebuleni usiku, nikazima pangaboi kwa sababu upepo wake peke yake ulikuwa ukiyumbisha tarakimu ya mwisho, nikafunika mizani kwa bakuli la kioo, nikapima risasi 100 kutoka kopo jekundu. Ilinichukua zaidi ya saa mbili. Nyepesi kuliko zote ilikuwa gramu 0.526 na nzito kuliko zote 0.534, na nyingi zilikuwa karibu kabisa na 0.530.

Hesabu ningeifanya kabla ya kutoa jasho, lakini niliifanya baada. Risasi inayokwenda kwa wastani wa mita 170 kwa sekunde hutumia takriban sekunde 0.059 kufika mita 10, na katika muda huo inashuka kama milimita 17. Kwa nguvu ile ile ya upepo, uzito ukizidi kwa gramu 0.005, ambayo ni karibu asilimia moja, kasi hupungua kwa nusu ya asilimia, yaani chini ya mita moja kwa sekunde, na risasi inashuka zaidi kwa chini ya milimita 0.2. Huo ni unene wa karatasi mbili. Wapo wapigaji wanaopima kila risasi wanayoitumia, na kwa shabaha ya mita 50 wanaweza kuwa na sababu, lakini kwangu mizani imerudi kwa sonara asubuhi.

Hata hivyo usiku huo haukupotea wote. Nilipokuwa nikizishika moja moja niliona risasi 17 katika kopo zima la jekundu zenye sketi zilizobonyea, nyingine kama mdomo wa chupa iliyokanyagwa. Makopo haya yalisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, ndani ya begi lisilo na kitu cha kuzuia mtikisiko. Sketi ndiyo inayopanuka na kuziba mtutu upepo unapoisukuma risasi, na ikiwa imebonyea upepo huvuja upande mmoja na kuitoa risasi ikiwa imeegama. Nimeyamwaga makopo yote juu ya kanga iliyokunjwa na kuondoa mbovu kwa macho: 17 za jekundu, 9 za njano, 11 za buluu. Kazi ya nusu saa, na ina faida kuliko saa mbili za mizani.

Tarehe 15 Agosti

Binamu anarudi ziwani wiki ijayo giza likianza, na leo wakati tunafunga vifaa alisema jambo ambalo nusura nilipuuze. "Kaka, ile ya kwanza kila asubuhi inalia kwa nguvu kuliko zote. Umewahi kuisikia?" Sikuwahi. Mimi ninapofyatua nasikiliza pumzi yangu.

Nikakaa kwenye mfuko wa mchanga nikafikiri ya kwanza kila asubuhi ni risasi ya kopo gani. Ni ya jekundu, kwa sababu siku zote naanza na jekundu.

Tarehe 17 Agosti

Sina kifaa cha kupima kasi, lakini simu ninayo. Nimeiweka sakafuni nusu ya njia, mita 5 kutoka mdomo wa mtutu na mita 5 kutoka kwenye kadi, kando ya mstari wa risasi na nyuma ya tofali. Ikikaa katikati namna hiyo, sauti ya kufyatua na sauti ya risasi kupiga ubao huchelewa sawasawa kuifikia, kwa hiyo muda ulio kati ya sauti hizo mbili ndio muda wa safari ya risasi, bila kujali joto la hewa. Programu ya kurekodi inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, na ukiupanua mchoro wa sauti unaviona vilele viwili vilivyosimama mbalimbali kama minazi. Kukosea kwa sehemu moja ya kumi ya milisekunde ni kukosea kama mita 0.3 kwa sekunde, nami sihitaji zaidi ya hapo.

Bunduki ilikuwa imelala usiku kucha ikiwa na shinikizo. Risasi ya kwanza: milisekunde 56.8, yaani mita 176 kwa sekunde. Ya pili: 58.3. Ya tatu: 58.8. Kuanzia hapo ilitulia kati ya 58.7 na 59.0 kwa risasi 30 mfululizo. Niliacha bunduki kwa saa moja, nikapiga tena, na ya kwanza ikawa 57.9.

Ugonjwa basi ni wa regyuleta. Ikikaa muda mrefu inavujisha hewa kidogo kidogo kutoka upande wa mtungi kwenda upande wa chemba, yaani kile chumba kidogo cha hewa inayosukuma risasi, shinikizo la chemba linapanda, na risasi ya kwanza inatoka na nguvu isiyo yake. Kwa hesabu ya tarehe 13, mita 6 za ziada kwa sekunde humaanisha tundu lililopanda zaidi kidogo ya milimita 1. Nilipozitazama tena kadi za jekundu za siku tatu zile, zote zina tundu moja lililojitenga juu, saa sita kamili ya duara. Kwa siku tatu nimekuwa nikililaumu kopo kwa kosa la mpira wa regyuleta, na nilikuwa karibu kutuma fedha kwa ajili ya makopo ya buluu.

Kuna kosa la pili ambalo ni langu peke yangu, nalo ni kuamini risasi tano. Kundi la risasi 10 huwa kubwa kuliko la 5 kwa takriban robo hata kama hakuna kilichobadilika, kwa sababu kila risasi unayoongeza ni nafasi nyingine ya kupotoka, na makundi mawili ya risasi tano kutoka kopo lile lile yanaweza kutofautiana kuliko nilivyotofautisha makopo yangu matatu. Tena kipimo cha ukingo hadi ukingo kinazitazama risasi mbili tu zilizo mbali zaidi na kuzitupa nyingine zote.

Tarehe 21 Agosti

Fundi wa mitungi ya kupiga mbizi amebadilisha pete za mpira kwenye regyuleta. Nilipoipeleka niliimwaga hewa mbele yake na tukaona unyevu umetoka kama mvuke wa kioo, nadhani ni kwa sababu najaza kwa pampu ya mkono kwenye hewa hii nzito ya ufukweni, hadi bar 200, bila kuipumzisha pampu. Sasa napumzika kila baada ya vuta 30 na kufungua tundu la kutolea maji. Risasi ya kwanza baada ya usiku mzima imekuwa milisekunde 58.5. Haijapona kabisa, na nimeamua kwamba kila asubuhi risasi tatu za mwanzo zinakwenda kwenye kadi ya kutupa.

Tarehe 24 hadi 29 Agosti

Huu ndio mtihani ambao ningepaswa kuufanya tangu mwanzo. Risasi 50 kwa kila kopo, kila risasi kwenye shabaha yake peke yake, na mpangilio ukiamuliwa kwa bahati. Binti yangu ametia vizibo vya soda kwenye mfuko, kumi vyekundu, kumi vya njano na kumi vya buluu, na kila kizibo anachokitoa ni amri ya risasi tano. Anaziweka kwenye kifuniko kisicho na alama na kuandika rangi kwenye daftari lake ambalo sikuruhusiwa kulitazama hadi mwisho. Kidole changu kilikuwa kinalitambua la buluu kwa jinsi linavyozama, hilo sikuweza kulificha, lakini njano na jekundu nilishindwa kuyatofautisha mara nyingi kuliko nilivyodhani.

Tunaanza saa 12 na nusu asubuhi na kuacha kabla ya saa 4. Baada ya hapo jua linayapiga mabati, yanaanza kutoa mlio, na upepo wa ziwani unapoanza kuja nchi kavu unaingia kwa chini ya mlango na kusukuma vumbi sakafuni. Tarehe 27 tulipoteza asubuhi nzima kwa sababu ya giza la mwezi: wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi wa nyasi walikuwa wameingia ghalani usiku, na kila kadi nyeupe ilikuwa na nukta nyeusi mia. Binti alijaribu kuwapuliza, wakabandika. Tuliwafagia kwa ndoo.

Tarehe 30 Agosti

Daftari limefunguliwa. Kwa kila tundu nimepima umbali kutoka kwenye kitovu cha wastani cha kopo lake, kisha nikatafuta wastani wa hizo 50. Jekundu: milimita 0.7. Njano: milimita 0.7. Buluu: milimita 1.1, na matundu yake manne yamepotoka zaidi ya milimita 2.5, yaani nje ya alama 10 hata kama bunduki ingelengwa bila dosari.

Buluu, mshindi wa siku ya kwanza, ndiye wa mwisho. Maelezo yangu ni yale ya tarehe 10, kwamba kichwa cha 4.48 kinalegea kwenye mtutu huu, ambao si mpya na mifereji yake imekwisha kulainika. Katika mtutu mwingine kinaweza kufanya maajabu, na simshauri mtu yeyote alichukie kopo hilo kwa ajili ya bunduki yangu. Kati ya jekundu na njano sina haki ya kusema lipi bora. Binti alitaka tuongeze tarakimu ya pili ya desimali ili mmoja ashinde, na nilimweleza kwamba tarakimu hiyo ingekuwa imetoka kwenye kalipa, si kwenye risasi.

Tarehe 1 Septemba

Kwa kuwa shabaha imekataa kuchagua, nimechagua kwa mambo mengine. Nimechukua jekundu, kwa sababu kile kizuizi kidogo wakati wa kupakia kinaniambia kwamba risasi imekaa sawa, na kwa mtu anayepiga risasi 60 katika muda uliopangwa, kujua bila kutazama ni faida. Pia ndilo ambalo rafiki anayesafiri anaweza kulileta kwa kibali kutoka kwa muuzaji wake huko Dar es Salaam. Nimeagiza makopo sita yenye namba moja ya bechi, yaani yaliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja kiwandani. Namba ya bechi kwangu sasa ina uzito kuliko jina la kopo, kwa kuwa kalibu za kiwandani huchakaa na kubadilishwa, na risasi zenye jina lile lile zinaweza kutoka tofauti kabla na baada ya hapo. Nimemwomba kila kopo lifungwe kwa sponji kwanza, kisha likae katikati ya nguo, si kwenye buti la basi.

Tarehe 12 Septemba

Makopo yamefika, na yote sita ni ya bechi nyingine. Muuzaji alikuwa amemaliza ile ya awali na akaona haina maana kupiga simu kwa ajili ya tarakimu nne zilizoko chini ya kopo. Nimeyafungua juu ya kanga: sketi mbovu ni tatu tu katika kopo la kwanza, kwa hiyo sponji imefanya kazi yake.

Binamu amekuja kuchukua madini yaliyokusanyika kwenye sanduku la shabaha, ambayo nilimwahidi kwa ajili ya chubwi za wavu wake. Nilimpa pamoja na kipande cha sabuni, nikamwambia asiyayeyushe jikoni wala watoto wasiyaguse, na yeye anawe kabla ya kula. Alinionyesha mikono yake kwamba anajua.

Tarehe 13 Septemba

Saa 12 na nusu asubuhi. Risasi tatu kwenye kadi ya kutupa. Simu iko mita 5, nyuma ya tofali. Vizibo kumi vyekundu vya bechi ya zamani na kumi vyeupe vya bechi mpya viko mfukoni, na binti ameshaingiza mkono.